Pigo Alilolificha Fundi Mita

Palikuwa na seremala aliyepima kila kitu. Utepe wa kupimia ulikaa kiunoni mwake tangu anapoamka hadi anapopanda kitandani. Alipima mbao, alipima milango, na siku moja mkewe alimkuta mezani akipima mkate ili aukate vipande vilivyolingana. Ndiyo maana watu walimwita Mita. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Karakana ilikuwa yake, na alifanya kazi na watu wawili. Wa kwanza alikuwa mdogo wake, mwanamume mrefu aliyelazimika kuinama kila alipopita mlangoni. Kwa utani watu walimwita Kifupi. Wa pili alikuwa mama wa makamo, fundi wa kupiga msasa na vanishi. Meza ikipita mikononi mwake ilitoka laini kama shavu la mtoto mchanga. Yeye wote walimwita Bi Msasa.

Mlango wa stoo ya karakana ulikuwa mweusi. Mita ndiye aliyeupaka rangi hiyo, miaka mingi nyuma, kisha akaweka sheria. Yeyote atakayevunja utaratibu wa usalama atachukua chaki na kuandika kosa lake mlangoni, kwa mkono wake mwenyewe. Kosa hilo halitafutwa mpaka mtu mwingine akosee. Mlango ulitazama barabara, kwa hiyo wateja walisoma, wauza mbao walisoma, na wapita njia nao walisoma wakicheka.

"Aibu ni mwalimu mzuri," Mita alipenda kusema. "Haichelewi kazini, na haiombi ruhusa."

Kwa miezi miwili mlango ulikuwa na maneno haya: *Mimi Bi Msasa niliacha vitambaa vya vanishi karibu na jiko la gundi.* Kila asubuhi Mita aliyasoma kwa sauti, kisha akauliza kama leo waite zimamoto mapema. Kifupi alicheka. Bi Msasa naye alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili alitabasamu tu. Baada ya hapo aliendelea kusugua mbao zake bila kuinua macho.

Jina la Mita halikuwahi kuandikwa pale hata mara moja.

Basi siku moja ya Jumanne, saa saba mchana, wenzake wawili walitoka kwenda kula. Mita alikuwa amekwisha kula chakula alichofungiwa nyumbani. Alibakiwa na ubao mmoja wa kupasua kwa urefu. Msumeno wa umeme ulikuwa na kinga ya chuma inayofunika meno yake, na siku hiyo kinga ilikuwa ikikwamakwama. Akaifungua, akaiweka pembeni.

"Ubao mmoja tu," alijiambia.

Kisha akasimama nyuma ya ubao, pale pale ambapo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwakataza wenzake kusimama. Seremala husimama pembeni. Ubao ukibanwa na meno ya msumeno hurushwa nyuma, tena kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia.

Ubao ukabanwa. Ukarushwa. Ukampiga chini ya mbavu za kushoto kama teke la punda.

Pumzi ilimkatika. Alikaa chini, juu ya vumbi la mbao, akisubiri hewa irudi kifuani. Ilipoanza kurudi aliinua shati. Hapakuwa na damu, wala ngozi haikuchanika. Aliona wekundu kidogo tu, wa upana wa vidole vinne. Akamshukuru Mungu. Halafu macho yake yakaangukia mlango mweusi, na kitu cha kwanza alichokifikiria hakikuwa maumivu. Kilikuwa chaki.

Aliinuka polepole. Aliirudisha kinga mahali pake. Ubao uliompiga ulikuwa umeruka hadi ukutani, akausukuma kwa mguu nyuma ya rundo la mbao. Wenzake waliporudi walimkuta ameshika utepe, anapima kitu ambacho alikuwa amekipima asubuhi.

Jioni hakuweza kula. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Mapacha ingawa mapacha wake walikuwa wameshakua na kuhama nyumbani, alimuuliza ana nini. Mita alisema tumbo limechafuka. Mkewe akataka kujua limechafuliwa na nini.

"Labda ni kile chakula ulichonifungia," Mita akasema. "Hakikuwa sawa."

Neno lilimtoka kirahisi, kama msumari unaoingia kwenye mbao laini. Kulichomoa ndiyo kazi.

Mama Mapacha alikwenda jikoni akamwaga chakula chote kilichobaki, akakisugua chungu mara mbili. Aliporudi alikuwa anafuta mikono kwenye kanga.

"Nisamehe, Baba Mapacha," alisema. "Nilikionja mwenyewe nikaona kiko salama."

Mita akajibu kuwa si neno, yamekwisha. Hakuweza kumtazama usoni.

Waliomba pamoja kabla ya kulala, kama desturi yao. Mama Mapacha aliomba kwa sauti. Alilitaja tumbo la mumewe, kisha akaomba msamaha kwa mikono yake isiyokuwa makini. Mita aliomba kimoyomoyo. *Ee Mungu, niponye, ila wasijue.* Hata Mungu, jioni ile, alipewa nusu ya habari.

Asubuhi aliamka na maumivu begani, bega la kushoto. Alilifurahia bega lile. Ubao haukumpiga begani, kwa hiyo alijiambia kwamba amelala vibaya tu na mambo ya jana yamepita. Lakini mkewe alipopaka mafuta viganjani na kuanza kumchua tumbo, mkono ulipofika upande wa kushoto Mita aliudaka na kuusukuma. Akasema amechelewa kazini.

Karakana haikuwa mbali, ila siku hiyo barabara ilirefuka. Saa nne alikuwa amesimama mbele ya meza ya kazi. Jasho jembamba la baridi lilimtoka. Alitaka kusoma namba kwenye utepe, na namba zikaanza kuogelea. Bi Msasa alimwona anashikilia hewa. Alimsogezea kigoda kwa wakati, la sivyo angeanguka juu ya patasi.

"Kaka, midomo yako imekuwa myeupe," Kifupi alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Walitafuta gari. Walimpitia Mama Mapacha nyumbani, naye akapanda bila kubadilisha kanga. Njia nzima alishika mkono wa mumewe akirudia kwamba yote ni kwa sababu yake. Mita alifumba macho. Watu walidhani ni maumivu.

Hospitalini walipokewa na muuguzi mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Alikuwa na maneno machache na mikono yenye haraka. Alipima presha, akapima mapigo ya moyo, akagusa ngozi ya Mita akaikuta baridi. Mapigo yalikuwa yakienda mbio. Akamuuliza yalianza lini, anatapika au hatapiki. Kisha akauliza swali ambalo Mita alikuwa akilisubiri kwa hofu tangu jana.

"Baba, kuna kitu chochote kilichokugonga? Umeanguka? Umepigwa?"

"Hapana, nesi. Ni chakula."

"Nilikipika mimi," Mama Mapacha akasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu.

Muuguzi alishika kalamu akaanza kuandika. Bi Msasa alikuwa amesimama karibu na pazia, mikono nyuma. Hakumtazama muuguzi. Alimtazama Mita, akasema kwa upole, kana kwamba anauliza habari za kazi:

"Bosi, nilipofagia leo asubuhi niliokota ubao nyuma ya rundo. Una alama za msumeno ubavuni, na pembe moja imevunjika kwa kugonga ukuta. Niurudishe stoo, au unautaka hapa?"

Kalamu ya muuguzi ilisimama.

Mita alihisi masikio yake yanawaka. Angeweza kusema hajui ubao huo. Lakini Bi Msasa hakumshtaki. Alimfungulia mlango tu, akakaa pembeni, apite mwenyewe. Huyu ndiye mama ambaye Mita alimfanyia mzaha kila asubuhi kwa miezi miwili.

"Ubao ulinipiga," Mita akasema. "Jana saa saba. Hapa, kushoto. Nilitoa kinga." Akameza mate. "Chakula hakina kosa. Sikuona kosa ndani yake hata punje."

Mama Mapacha aliuachia mkono wake.

Muuguzi naye hakupoteza wakati. Aliivaa miwani, akaufuta ule mstari aliouandika, akaita daktari. Wakati wanamsubiri alimwekea Mita sindano ya maji mshipani, akatoa damu kidogo ya kupimwa. Huku akifanya hivyo alimwambia ukweli bila kuuzungusha.

"Ungeshikilia lile la chakula, ungepewa dawa ya tumbo na kuruhusiwa. Ungefia nyumbani na dawa ya kiungulia mfukoni. Bega la kushoto linauma?"

Mita akashangaa amejuaje. Akakubali kwamba linauma.

Muuguzi akaweka kiganja chake chini ya mbavu zake mwenyewe, upande wa kushoto, awaonyeshe wote. Aliwaeleza kwamba hapo ndani kuna kiungo kinachoitwa wengu, na wengine hukiita bandama. Kina ukubwa wa ngumi ya mtu. Kinachuja damu, na kinausaidia mwili kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa kuwa kimejaa damu, ni laini. Mtu akipigwa kwa ubao, akigongwa na usukani wa gari au mpini wa baiskeli, akianguka kutoka juu ya ngazi, ngozi inaweza kubaki nzima kabisa huku wengu ndani umechanika. Damu inavujia tumboni, mahali ambapo jicho halifiki. Na damu hiyo ikichokoza kiwambo cha kupumulia, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, maumivu hutokea begani, ingawa bega halijaguswa.

"Pigo la namna hii halina kelele," alisema. "Ndiyo maana tunauliza. Tukidanganywa, tunatibu uongo."

Daktari alifika akisukuma mashine ndogo yenye kioo, ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti, ambayo wengi huiita ultrasaundi. Alimpaka Mita kitu cha ubaridi tumboni, akapitisha kifaa taratibu. Kwenye kioo, kando ya wengu, palionekana utepe mweusi. Daktari akasema ule weusi ni damu iliyovuja. Hata hivyo maji yalikuwa yameshaanza kusaidia. Presha ilisimama vizuri na mapigo yakapungua mbio. Kwa sababu hiyo kulikuwa na nafasi ya kumpiga picha kubwa zaidi, ile ya CT, inayoonyesha kiungo chenyewe kimechanika wapi na kwa kina gani. Kama presha ingekuwa inaporomoka, wasingengoja picha. Wangempeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Mashine ya CT ilikuwa kama pete kubwa, na kitanda kinapita katikati yake. Mpiga picha, dada mchangamfu, aliuliza kwanza kama Mita ana ugonjwa wa figo, au kama kuna dawa inayomdhuru. Kisha akamweleza kwamba atadungwa dawa mshipani ili mishipa ya damu ionekane vizuri.

"Utasikia joto mwili mzima," alisema. "Utadhani umejikojolea, baba. Hujajikojolea. Nawaambia wote mapema, maana wanaume wengine hutoka humu hawataki hata kuniaga."

Joto lilikuja kama alivyosema, na Mita aliona haya vilevile. Alilala ndani ya pete akiambiwa avute pumzi, aizuie, aiachie. Siku hiyo hapakuwa na kona ya mwili wake ambayo aibu haikuitembelea.

Majibu yalitoka upesi. Daktari aliwaonyesha picha. Wengu ulikuwa na ufa ulioingia ndani, na damu ilikuwa imeuzunguka. Alisema majeraha ya wengu hupangwa kwa daraja, kuanzia la kwanza hadi la tano, na hili ni la tatu. Viungo vingine vilikuwa vizima. Mbavu zilikuwa nzima. Hapakuonekana mshipa unaoendelea kurusha damu. Kwa hiyo hawatampasua. Atalazwa, na atachungwa.

Kifupi hakuridhika. Alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kikikaribia kugusa fremu.

"Daktari, kaka yangu anavuja damu ndani, na nyinyi mnasema mtamtazama tu? Si mfungue mzibe?"

Daktari alikuwa anaitwa kwingine. Muuguzi ndiye aliyebaki na swali hilo. Alimtazama Kifupi kutoka chini hadi juu, safari ndefu, akamuuliza kama naye ni seremala. Kifupi akasema ndiyo.

"Ukiwa na ubao wenye ufa, na ubao ni mzuri, unautupa?"

"Hapana. Natia gundi."

"Halafu?"

"Naubana kwa jiriwa. Nauacha."

"Baada ya saa moja unautikisa uone kama umeshika?"

Kifupi akacheka kidogo. "Ukitikisa umeharibu."

"Basi damu yenyewe ndiyo gundi," muuguzi akasema. "Imeshaanza kuganda kwenye ufa. Kitanda ndicho jiriwa. Kazi yetu ni kuhakikisha hakuna anayetikisa."

Akaongeza kwamba kumtazama mgonjwa hospitalini si sawa na kumtazama mtu nyumbani. Hapa watampima presha na mapigo mara kwa mara, mchana na usiku. Watapima damu yake tena na tena waone kama inapungua. Chumba cha upasuaji kiko hatua chache, na damu ya kuongezewa ipo tayari. Hali ikibadilika, watafungua tumbo mara moja bila kubishana. Wakati mwingine daktari bingwa hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuziba panapovuja, bila kupasua tumbo. Lakini wengu ukiweza kupona wenyewe, ni bora ubaki, kwa sababu ni askari wa mwili. Aliyeondolewa wengu anaweza kuishi, ila huhitaji chanjo na uangalizi, maana baadhi ya maradhi humshika kwa ukali zaidi.

Kifupi alikuna kichwa, akasema mbona hilo la gundi hawakulisema tangu mwanzo.

Basi Mita alilazwa. Mtu aliyepima kila kitu sasa alipimwa yeye. Kila saa mkono wake ulifungwa kitambaa cha presha. Damu yake ilichukuliwa asubuhi, mchana na jioni, na namba zikaandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Alikatazwa kusimama. Kwa haja ndogo alipelekewa chombo. Mkewe alimwosha uso, shingo na miguu, kama alivyokuwa akiwaosha mapacha zamani. Alimwosha vizuri, na hakuzungumza naye.

Siku ya pili namba ya damu ilishuka kidogo. Muuguzi hakuficha. Alisema wanasubiri kipimo kinachofuata, na kikishuka tena mpango utabadilika. Saa zile zilikuwa ndefu. Mita alitazama dari, akahesabu mbao zake, akapoteza hesabu. Alitaka kuomba lakini aliona haya kurudi kwa Mungu ambaye yeye alimdanganya Jumanne. Mwishowe aliomba vilevile, na safari hii alianza na habari nzima: kinga, ubao, chakula.

Alipofumbua macho Mama Mapacha alikuwa ameketi kwenye kiti, anamtazama.

"Nilikuomba radhi kwa kosa ambalo si langu," akasema. "Na ukaipokea."

"Niliipokea," Mita akajibu.

"Nilisugua chungu mpaka vidole vikauma. Usiku niliamka nikakinusa."

Maneno yote mazuri ya Mita yalikuwa yametumika kwenye mlango mweusi, kuwasema wengine. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali na hakuruhusiwa kugeuka ovyo.

"Nakuomba radhi, mke wangu. Nilimwogopa mtu aliye barabarani, asije akanicheka. Nikakutupia wewe."

Mama Mapacha alichukua pembe ya kanga akamfuta masikio, moja baada ya jingine. Hakusema amesamehe. Alisema wangoje hiyo namba.

Namba ilikuja jioni. Haikushuka. Kesho yake ilibaki pale pale, na keshokutwa ilipanda kidogo. Gundi ilikuwa imeshika.

Siku ya saba aliruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi alimkalisha na mkewe, akawaambia ya kufuata. Mita asinyanyue kitu kizito, asikimbie, asipande ngazi ya kazi, asipande pikipiki, kwa wiki kadhaa mpaka daktari aseme basi, na huenda ikafika miezi mitatu. Asimeze dawa za maumivu za kununua tu dukani bila kuuliza, kwa kuwa baadhi hufanya damu ichelewe kuganda. Akisikia kizunguzungu, maumivu mapya ya tumbo au bega, au akitokwa jasho la baridi, arudi hospitali saa hiyo hiyo. Ufa unaweza kufunguka tena hata baada ya siku kadhaa. Tarehe ya kurudi kupimwa iliandikwa kwenye kadi.

Nyumbani aibu ilimfuata kwa sura nyingine. Majirani walikuja kumjulia hali. Waliuliza kovu liko wapi. Jirani mmoja, mpenda maneno, alimzunguka mara mbili kama anayekagua mbuzi.

"Hospitali gani hiyo," akauliza, "mtu analazwa wiki nzima anatoka bila hata mshono mmoja? Hii si likizo, Mita?"

Watu walicheka. Mita alicheka nao, lakini ilimchoma. Alimwona mkewe akibeba ndoo ya maji mbele ya wageni, na yeye mwenyewe ameketi kama mwali. Siku moja, jirani yule akiwa anatazama, alishindwa kuvumilia. Aliinama, akaishika ndoo.

"Gundi," Mama Mapacha akasema kutoka mlangoni.

Neno moja tu. Mita aliiachia ndoo. Jirani alipouliza gundi ndiyo nini, Mita alimwita aketi, akamweleza habari ya wengu kuanzia mwanzo, pamoja na sehemu ya uongo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu kwa hiari yake. Jirani alisikiliza, mzaha ukamwisha. Alipoondoka ndiye aliyeibeba ndoo.

Wiki ya sita Mita alirudi kupimwa. Daktari alipitisha kile kifaa baridi tumboni. Ule utepe mweusi ulikuwa umekwisha, na wengu ulikuwa unapona vizuri. Aliambiwa anaweza kwenda karakana, mradi aketi tu. Mbao nzito bado. Msumeno bado.

"Chaki je?" Mita akauliza. Daktari akamtazama bila kuelewa, akasema chaki haina uzito.

Alikwenda na mkewe asubuhi iliyofuata. Mlango mweusi ulikuwa na maneno yale yale ya Bi Msasa. Kifupi akamnong'oneza kwamba alitaka kuyafuta na kuandika kosa la kaka yake tangu ile siku ya hospitali, ila Bi Msasa alikataa katakata. Alisema sheria inataka mkono wa mkosaji mwenyewe. Kwa hiyo alikubali kubaki mlangoni wiki sita zaidi, kwa kosa lililokuwa limeshapitwa.

Mita alichukua kitambaa, akayafuta maneno ya Bi Msasa kwa uangalifu, mpaka mlango ukawa mweusi tii. Akaandika: *Mimi Mita nilitoa kinga ya msumeno nikasimama nyuma ya ubao.* Akarudi hatua moja, akasoma.

"Bosi," Bi Msasa akasema, msasa mkononi, "hujamaliza."

Alijua. Akaandika chini yake: *Ubao ukanipiga tumboni. Nikaficha mpaka kesho yake. Kuficha ndiko kulikotaka kuniua.*

Bi Msasa alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye meza yake. Mita angeweza kuishia hapo. Lakini aliinama tena, na pale chini kabisa akaandika kwa herufi ndogo: *Nikamsingizia mke wangu chakula.*

Mama Mapacha alisogea. Alisoma yote polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho akanyooka.

"Hayo ya chini ni madogo mno," akasema. "Mtu wa barabarani hatayaona."

Kifupi aligeuka upande, mabega yakimtikisika. Mita hakubisha. Alifuta ule mstari. Akachomoa utepe kiunoni, akapima mlango, akaandika upya kwa herufi za sentimita kumi, zote sawasawa. Kisha akamgeukia mkewe. Mama Mapacha aliusoma tena, na ndipo uso wake ulipolegea. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne alicheka, kile kicheko chake cha zamani. Akasema amemsamehe, na kwamba amemletea chakula, kama hakiogopi.

Mchana walipokaa kula, Mita aliwaomba radhi wenzake wawili, Bi Msasa kwanza. Alisema alikuwa ameigeuza aibu kuwa fimbo, na fimbo ikamfundisha kujificha. Mlango ungebaki, kwa sababu makosa yafaa yajulikane. Ila kuanzia siku hiyo hakuna atakayemcheka aliyeandika, na maneno yakitimiza wiki moja yafutwe. Na kabla mtu hajagusa chaki, wenzake wamuulize kwanza ameumia wapi.

Haukupita mwezi. Kifupi alikuwa anabeba kabati na mteja, akateleza, kona ya kabati ikamchoma ubavuni. Kilikuwa kitu kidogo, na hakuna aliyeona. Zamani angejifuta vumbi akaendelea. Safari hii alikuja mbio hadi mbele ya Mita, akainama mlangoni kama kawaida yake.

"Kaka, nimepigwa. Ubavuni, upande wa kushoto. Sikuwa nimevaa viatu vya kazi."

Mita alisimama, akaweka kalamu chini. "Panauma wapi? Bega je? Unasikia kizunguzungu?"

Walikwenda hospitali wakiwa wote watatu. Muuguzi mwenye miwani ya uzi aliuliza swali lake, akajibiwa mara moja, kitu gani, wapi, saa ngapi. Alimpima Kifupi, daktari akaangalia kwa ultrasaundi, na wengu ulikuwa mzima. Alipewa dalili za kuangalia, akaambiwa arudi akiona mojawapo, akaruhusiwa kwenda.

Jioni ile mlango ulikuwa bado mweusi, bila neno. Bi Msasa alikuwa amemwekea Kifupi kigoda, na Mama Mapacha alikuwa amempakulia sahani. Chaki ikasubiri.